Kutulo, Mji wa Maziwa ya Ngamia

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na msafiri huongeza ya kuwa kutembea kwingi ni kuonja mengi. Watu wapendao safari husifu sana miji ya milimani. Watasema habari za Lushoto katika Usambara, penye baridi, matunda na mboga za kila namna. Au za Marsabit, mji uliokaa juu ya mlima wenye msitu na ukungu, hali nchi kavu imeuzunguka pande zote. Lakini ni wachache mno watakaotaja Kutulo. Jina hilo likitajwa mbele ya watu wa bara, wengi huuliza kwanza kama ni katika Kenya, na wakisha kuambiwa kuwa ni njia ya Mandera, hunyamaza. Yafaa basi wasomaji wapate habari za mji huo na vyakula vya watu wake, kwani chakula cha watu ni mlango wa kuingilia katika mioyo yao, na mlango huu wengi hawajaubisha bado.

Kutulo ni mji mdogo ulio kaskazini-mashariki ya Kenya, juu ya barabara kuu itokayo Isiolo kupita Wajir na Elwak mpaka Mandera. Mtu akitoka Wajir kwenda kaskazini hupita Tarbaj, kisha hufika Kutulo kabla ya kufika Elwak. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Kutulo ni jina la wadi moja ya Mandera Kusini. Lakini mji wenyewe umekaa mpakani hasa, penye kukutana kaunti za Mandera na Wajir, na kila upande una watu wake wasemao kwamba mji ni wao. Jambo hilo litaelezwa mbele.

Nchi ni tambarare, udongo wake mwekundu, na miti yake ni migunga na vichaka vya miiba. Vichuguu vya mchwa husimama virefu kuliko mtu. Huko huonekana twiga, na mbuni, na swala twiga, yule mnyama mwenye shingo ndefu asimamaye kwa miguu ya nyuma ili ale majani ya juu. Miti mingine hutoa ubani na manemane, na wachungaji hukusanya utomvu huo wakauuza. Mlima hakuna, baridi hakuna, wala mto wa maji ya daima hakuna. Mto Daua uko mbali, huko Rhamu na Mandera, mpakani mwa Ethiopia.

Katika siku za ukoloni nchi hii ilikuwa sehemu ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nayo ilifungwa kwa sheria. Sheria ya mwaka 1926, na nyingine ya mwaka 1934, zilimkataza mtu wa nje kuingia humo bila ya cheti cha ruhusa, na wenyeji nao walizuiwa kwenda huko na huko wapendavyo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 vilikuja vita vya shifta, ambavyo havikukoma mpaka mwaka 1967, na watu wa bara na watu wa kaskazini wakazidi kuogopana. Basi si ajabu kama mkulima wa Murang'a ajua habari za London kuliko habari za Kutulo.

NJIA YA KWENDA

Msomaji na amfikirie karani mmoja aliyezaliwa Nyeri, aliyekulia katika baridi na migomba, naye amepata barua ya uhamisho kwenda Mandera. Nyumbani kwao barua hiyo husomwa kama barua ya msiba. Mama yake huuliza, "Mwanangu, umemkosea nani huko ofisini?" Jirani huja kumpa pole. Wala hofu hiyo si ya bure. Mwezi wa Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki wa Al-Shabaab, na abiria 28 wasio Waislamu wakatolewa wakauawa. Watu wengi wa kazi za serikali, hasa walimu, waliondoka katika nchi ile, na shule nyingi zikabaki na watoto bila ya walimu.

Lakini kuna habari nyingine ya njia hiyo hiyo, ambayo kila karani aendaye huko yampasa aijue. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na Elwak, mwendo usio mrefu kutoka Kutulo. Wale watu wenye bunduki waliwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao wa bara vitambaa vya kujifunika kichwa ili wasitambulikane, na abiria wakasema kwamba kama ni kuuawa, wauawe wote pamoja, ama sivyo waachwe wote. Watu wawili walikufa siku ile, lakini abiria waliobaki waliokoka. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika tendo hilo, naye akafa kwa jeraha lake mwezi wa Januari 2016. Mwaka 2017 habari hii ilifanywa filamu iitwayo Watu Wote, ikaonyeshwa katika nchi nyingi.

Si kweli kwamba tangu siku hiyo hatari imekwisha. Desemba 2019 basi jingine lilishambuliwa katika njia hii, upande wa Kutulo, na watu wakauawa, wakiwamo askari polisi. Magari mengi husafiri pamoja na askari, na abiria huuliza habari za mbele kabla ya kuondoka. Hayo husemwa ili mtu asidanganyike. Lakini yule karani wa Nyeri aendapo na ajue mambo yote mawili: kwamba katika njia ile wapo waliomwinda mgeni, na kwamba wapo waliokufa kwa ajili ya mgeni.

Kabla ya Kutulo hufika Wajir, mji wa visima. Visima hivyo ni vingi na havina kina kirefu, na tangu zamani watu wa mbali wamekuja kunywesha ngamia hapo. Mgeni huona majengo meupe, na punda wa kuvuta mapipa ya maji, na soko la wanawake. Soko hilo lina historia yake. Vita vya koo vilipowaka Wajir kuanzia mwaka 1992, mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kununua wala kuuza mbele ya mwanamke wa ukoo mwingine. Mwaka 1993 wanawake wachache, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi, walishikamana wakaanza na jambo dogo kabisa: soko liwe mahali pa salama kwa kila mwanamke, auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake. Kutoka hapo wakawaendea wazee, na vijana, na wakuu wa serikali, mpaka amani ikapatikana. Bibi Dekha alipewa nishani ya Right Livelihood mwaka 2007, naye alifariki mwaka 2011. Amani ya Wajir basi ilianzia penye kuuziana chakula.

BAKULI LA KWANZA

Gari hufika Kutulo likiwa limejaa vumbi jekundu, na abiria wake hawatambulikani kwa rangi. Maduka ni ya mabati, pana msikiti, na pana vibanda ambavyo wanawake hupikia chai. Nyuma ya mji hukaa wachungaji katika nyumba zao za duara, zilizofanywa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka na nguo. Nyumba hizo hufunguliwa zote na kupakiwa juu ya ngamia siku ya kuhama, na fito zile zile zilizokuwa nyumba huwa sehemu ya matandiko ya ngamia.

Karani wetu, akisha kukaribishwa na mzee mmoja, huketishwa juu ya mkeka. Haulizwi ametumwa na nani wala ana shida gani. Kwanza huletewa bakuli la maziwa ya ngamia. Huyaonja, naye hushtuka, kwa sababu maziwa yananukia moshi. Hudhani sufuria imeungua, au mama mwenye nyumba hakuosha chombo. Hunywa mafunda mawili kwa adabu, akaliweka bakuli chini, akasema, "Ahsante, mzee, nimeshiba."

Hapo amekosa mara mbili, wala hajui.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa moshi ni uchafu. Chombo cha maziwa cha wafugaji hawa husukwa kwa mizizi na nyuzi za miti, kikashikana sana hata hakivuji, au huchongwa kwa mti. Mahali pasipo na maji ya kutosha chombo hakiwezi kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni. Kwa hiyo mwanamke huchukua kijiti cha mti maalum, akakiwasha, akatia kaa lake ndani ya chombo na kukisugua nalo, kisha hukifunika ili moshi uingie katika kila tundu. Moshi ule huua vijidudu vinavyochachusha maziwa upesi, na maziwa hukaa muda mrefu zaidi katika joto kali. Tena kila mti una harufu yake, na mtu aliyezaliwa huko hutambua mti kwa kuonja, kama vile mtu wa Nyeri atambuavyo chai nzuri na chai hafifu.

Maziwa yakiachwa siku moja au mbili katika chombo hicho huchacha kwa utaratibu, yakawa susa, ambayo ni makali kidogo na huburudisha sana mchana wa jua. Lakini hayagandi kama maziwa ya ng'ombe, kwani maziwa ya ngamia ni magumu kugandisha, wala siagi yake haitoki kwa urahisi. Samli ya huko hutoka kwa ng'ombe na mbuzi.

Kukama kwenyewe kuna sheria. Mkamaji husimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameukunja juu ya goti, na chombo amekiweka juu ya paja. Ndama huletwa kwanza anyonye kidogo ili mama yake ateremshe maziwa. Ngamia ana chuchu nne, na desturi ya wengi ni kukama mbili na kumwachia ndama mbili. Kazi ya kukama ngamia ni ya wanaume na wavulana, na mbuzi hukamwa na wanawake. Lakini maziwa yakisha kufika nyumbani huwa katika mamlaka ya mama. Yeye ndiye agawaye, na yeye ndiye auzaye. Wanawake hupeleka maziwa mjini katika madumu, wakayapakia juu ya mabasi, na fedha yake hununua sukari, unga na vitabu vya shule.

Madaktari husema ya kuwa maziwa haya yana vitamini C kiasi cha mara tatu kuliko ya ng'ombe, na jambo hilo ni rehema kubwa kwa watu wasio na machungwa wala mboga. Lakini wasomaji nao wasisahau ya kuwa maziwa mabichi, ya mnyama yeyote, yaweza kuleta ugonjwa wa brusela, ambao humtia mtu homa isiyokwisha na maumivu ya viungo kwa miezi. Moshi hauondoi hatari hiyo. Kuchemsha ndiko kuondoako. Wazee wengine husema kuchemsha huharibu nguvu ya maziwa. Mgeni mwenye hekima hashindani na mwenyeji wake juu ya mkeka wake. Huomba chai. Na chai ya huko, iliyochemshwa sana pamoja na maziwa ya ngamia, iliki, tangawizi, mdalasini na sukari nyingi, hukata kiu na hupatanisha daktari na mzee.

Kosa la pili la karani litaelezwa baadaye.

NYAMA ISIYOOZA

Jioni huletwa chakula. Huwa wali uliopikwa kwa nyama ya mbuzi au ya ngamia, au tambi, ambazo wenyeji huita baasto. Jina hilo na chakula hicho vilitoka kwa Waitalia waliotawala Somalia ya kusini mpaka vita vya pili vya dunia. Mpaka wao ulikuwa karibu sana na hapa: tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika ya Kusini na ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yaliwashambulia Waitalia pale Elwak. Waitalia walikwisha kuondoka, tambi zikabaki. Watu huzila kwa mkono, pamoja na ndizi mbivu, na mgeni wa bara akicheka kuona ndizi katika chakula cha chumvi, hucheka mara moja tu, kwani akisha kuonja hunyamaza akala.

Asubuhi huwa ni anjera, mkate mwembamba kama chapati laini wenye vitundu, uliomwagiwa samli na sukari au chai. Lakini chakula kinachostahili kuelezwa zaidi kuliko vyote ni kile kiitwacho nyirnyir. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa juani mpaka ikauke kiasi. Kisha hukatwakatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa katika mafuta mpaka maji yote yaishe ndani yake. Hutiwa iliki na viungo, ikahifadhiwa ndani ya chombo, mafuta yameifunika juu, na hewa haiingii. Nyama hiyo hukaa kwa miezi mingi bila ya kuoza, mahali ambapo nyama mbichi haimalizi siku moja. Wasomali wengine huiita oodkac au muqmad. Wale wa kaskazini, huko Hargeisa na Djibouti, huitia katika chombo cha harusi kilichovikwa nguo na kufungwa kamba nyingi kama bibi arusi, na jamaa wa bwana arusi hupewa kazi ya kufungua mafundo hayo mbele ya watu. Wakishindwa ni aibu, na kicheko hakiishi upesi.

Watu wote waliokaa katika nchi ngumu wamelazimika kutafuta hekima ya namna hii. Katika Japani uko mji wa milimani uitwao Takayama, penye theluji nyingi wakati wa baridi, na zamani njia za kufikia huko zilikuwa ngumu. Watu wake walijifunza kutia figili na mboga katika chumvi ili wale wakati mashamba yamefunikwa na theluji, na kuchachusha soya ikawa miso, ambayo huipasha juu ya makaa katika jani kavu la mti. Leo wageni kutoka pande zote za dunia huenda Takayama kutembea katika mitaa yake ya nyumba za mbao za kale, kununua vitu hivyo katika soko la asubuhi, nao huviita vya anasa. Lakini vilianza kama nyirnyir ilivyoanza: mama mmoja alitazama majira mabaya yanakuja, akawaza jinsi ya kuwalisha watoto wake mpaka yapite. Kule adui ni theluji, huku ni jua.

KAHAWA YA KUTAFUNA

Jambo jingine litamshangaza zaidi karani wa Nyeri, ambaye pengine baba yake ana miti ya mikahawa. Katika Kutulo wapo Wagarre, na hao, kama Waborana na majirani wao wengine, wana desturi ya kukaanga kahawa nzima katika samli. Punje hukaangwa pamoja na ganda lake mpaka zipasuke na kunukia, kisha hugawiwa, watu wakazitafuna, na mafuta yake mengine hupakwa mwilini kwa heshima. Jambo hilo hufanywa pamoja na dua, mgeni ajapo, mtoto azaliwapo, au wazee wakutanapo kupatanisha ugomvi. Wao huita kahawa hiyo buna, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, kwani punje za kahawa mbichi katika Kiswahili ni buni. Mkulima wa Nyeri huikuza kahawa ili aiuze ng'ambo, wala wengi wao hawainywi. Mfugaji wa Kutulo haikuzi hata mti mmoja, lakini hawezi kuomba amani bila ya kahawa.

Na amani huombwa kweli. Mwaka 2014 Wagarre na Wadegodia, ambao wameoana na kuchunga pamoja kwa vizazi vingi, walipigana vibaya sana mpakani mwa Mandera na Wajir. Watu wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia makwao, mpaka wazee na serikali wakawapatanisha. Chanzo cha mambo kama hayo ni malisho, visima na viti vya siasa, na tangu kaunti zilipopewa fedha zao wenyewe, ubishi wa mpaka umezidi uzito. Kutulo yenyewe imo katika ubishi huo. Mji mmoja, barabara moja, na kaunti mbili zinauvuta kama watoto wawili wavutao ngozi moja ya kulalia. Mama auzaye chai pembeni ya barabara huwauzia watu wa pande zote mbili, na kikombe chake hakiulizi mtu ni wa kaunti gani.

MWAKA WA NJAA

Sasa lielezwe kosa la pili la karani. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Watu wa huko wana majira manne: gu, mvua kubwa za Machi mpaka Mei, hagaa, majira makavu ya katikati, deyr, mvua za Oktoba mpaka Desemba, na jilaal, kiangazi kikali cha Januari na Februari. Katika miaka ile, mtu angeweza kusema kwamba jilaal ilikula majira yote. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame ule kuwa janga la taifa. Kabla mvua hazijarudi mwaka 2023, wanyama zaidi ya milioni mbili walikuwa wamekufa katika Kenya. Kisha mwisho wa mwaka 2023 mvua zilikuja kwa hasira, mafuriko yakakata barabara, na miji ya kaskazini ikakaa bila ya magari.

Katika ukame ng'ombe hutangulia kufa, wakafuata kondoo, kisha mbuzi. Ngamia huwa wa mwisho. Yeye aweza kukaa siku kumi na zaidi bila ya maji, na akifika kisimani hunywa lita 100 kwa mara moja. Hula miiba na majani ya miti ambayo ng'ombe hayafikii. Na huendelea kutoa maziwa hata nchi ikiwa kavu kabisa. Mimba yake ni miezi 13, lakini akizaa aweza kukamwa mwaka mzima na kupita. Kwa sababu hiyo mtu wa huko humsifu ngamia katika mashairi kama mwingine amsifuvyo mama yake. Lakini katika mwaka 2022 hata ngamia walianguka, na hapo wazee walijua kuwa mambo yamefika mwisho wake.

Msomaji na afikirie ya kuwa karani amefika Kutulo katika mwaka kama huo. Bakuli aliloletewa halikuwa limejaa. Aliliona hivyo, akadhani ni uchoyo au desturi. Hakujua ya kuwa ndani ya nyumba walikuwamo watoto wanne, na kwamba ngamia mmoja tu alikuwa akikamwa, na kwamba mama alikuwa amepima sehemu za watoto akazipunguza moja moja mpaka bakuli la mgeni likapatikana. Yeye alikunywa mafunda mawili, akaliweka chini, na bakuli likakaa pale mpaka nzi wakaanguka ndani yake, kwa sababu hakuna mtu ambaye angethubutu kuchukua maziwa ya mgeni mbele ya macho yake.

Mzee hakumkemea. Siku ya pili, walipokuwa wamekaa kivulini, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, huku kwetu mgeni akishiba humwita mtoto aliye karibu, akampa bakuli kwa mkono wake. Hapo maziwa yamenywewa mara mbili, na mtoto amejifunza kwamba mgeni si wa kuogopwa."

Karani aliinamisha kichwa. Alipoletewa chai alikunywa nusu, akamwita mtoto mdogo wa kike aliyekuwa amesimama mlangoni, akampa kikombe. Mtoto alimtazama mama yake kwanza. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo alipokipokea kwa mikono miwili.

SIKU YA TATU

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Kutulo majembe ni machache, lakini methali hiyo inafaa huko vile vile, kwani siku ya tatu mgeni hupewa kamba ya ndoo. Hushika pamoja na vijana, akavuta maji na kumimina katika hori la ngamia. Mahali pengine maji ni ya mabwawa yaliyochimbwa, na pengine ni ya mashimo yaliyojengwa chini ya ardhi ili kukinga maji ya mvua. Wenyeji huyaita mashimo hayo berked, na mtu wa pwani akisikia neno hilo hukumbuka birika la msikiti wa kwao. Maneno hayo mawili ni ndugu, yote yametoka katika Kiarabu. Hata jina la Elwak, mji wa jirani, ni habari ya maji, maana yake ni visima vya Mungu.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa fedha za kutengeneza barabara ya Isiolo mpaka Mandera, ambayo urefu wake ni kama kilomita 740. Lami ikifika Kutulo, maziwa yatafika Wajir kabla hayajachacha, na mgonjwa atafika hospitali kabla hajafa. Wanawake wa Isiolo tangu zamani hupeleka maziwa ya ngamia Nairobi, yakauzwa Eastleigh, kwa sababu wao wana barabara. Mwanamke wa Kutulo hana upungufu wa akili kuliko mwanamke wa Isiolo. Upungufu wake ni njia.

Lakini barabara huenda pande zote mbili. Itachukua maziwa kwenda, nayo italeta walimu, waganga na makarani kuja. Kila mmoja wao atatoka nyumbani kwao akiwa na hofu, na mama yake atamwuliza amemkosea nani ofisini. Heri wafungashiwe pamoja na nguo zao maarifa machache: kwamba maziwa yanayonukia moshi ni maziwa yaliyotunzwa, kwamba nyama katika mafuta ni akiba ya miezi ya taabu, kwamba kahawa hutafunwa, na kwamba bakuli la mgeni, hata likiwa nusu, huenda limetolewa katika vinywa vya watoto wanne. Aliye na maarifa hayo hatapotea katika Kutulo. Akitaka kuomba uhamisho wa kurudi, na aombe. Lakini wapo walioomba, wakapewa, kisha wakajikuta Nyeri wakinywa chai na kuona kwamba ina upungufu wa jambo fulani, wakafikiri sana, ndipo walipokumbuka kuwa ni moshi.